Nukta mbili kwenye ramani: siku saba nikimfuata popo Maendeleo

Siku ya kwanza: Tanga mjini

Nimeshuka kwenye basi saa tisa alasiri, shati limenigandia mgongoni. Oktoba inakwisha. Vuli bado inatishia tu: mawingu yanajikusanya juu ya bahari, kisha yanatawanyika bila kuacha hata tone. Begini nina tochi ya kichwani, daftari, betri, na kisanduku cha kusikilizia sauti za popo nilichoazimwa kwa masharti mengi kuliko mahari.

Nimekuja kwa sababu ya jina. Yupo popo ambaye wanasayansi walimpa jina la Kiswahili: Rhinolophus maendeleo. Waliomweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi, mwaka 2000, ni Dieter Kock, Gábor Csorba na Kim Howell, na huyu wa tatu alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndugu zake wengi wa Afrika Mashariki wamebebeshwa majina ya watu waliopita tu. Popo wa Decken anambeba Karl Klaus von der Decken, yule Mjerumani aliyejaribu kuupanda Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862 asifike juu. Popo wa Hildebrandt, aliyeelezwa mwaka 1878 kutoka Taita, naye ni vivyo hivyo. Wa kwetu akapewa neno tulilolisikia utotoni katika kila hotuba ya mgeni rasmi. Ukilisoma kwa haraka utadhani ni ilani ya chama.

Sasa tazama ramani yake. Maelezo yale ya mwaka 2000 yamesimama juu ya sehemu mbili tu. Moja ni korongo la mto Mkulumuzi, kwenye mapango ya Amboni, mita chache juu ya usawa wa bahari. Nyingine ni msitu wa Mazumbai, Usambara Magharibi, huko juu ambako watu wanavaa makoti. Ukiweka rula kati ya nukta hizo unapata zaidi ya kilomita 60. Orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini imemweka kwenye fungu la wale ambao taarifa zao hazitoshi. Mimi ninachotaka ni kuipita ile nafasi nyeupe iliyo katikati ya nukta, nione kuna nini.

Jamii yote hii ya Rhinolophus nitaiita popo wa kwato. Puani wana ngozi iliyojikunja mfano wa kile chuma anachopigiliwa farasi kwatoni, na sijapata jina zuri zaidi la kuwaita.

Jioni nimekijaribu kisanduku Raskazone, chini ya taa za barabarani. Popo wamejaa wanakimbiza wadudu, na spika inagonga tak-tak-tak kama mtu anayepiga taipureta kwa hasira. Wa kwato hakuna hata mmoja, wala sikumtarajia. Hawapendi mwanga, hawapendi uwazi.

Siku ya pili: Amboni

Mapango yako kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, kando ya barabara ya Horohoro, upande wa Kiomoni. Bodaboda amenishusha langoni saa mbili asubuhi na kuniuliza kama nimekuja kuomba au kutazama. Nilipomwambia nimekuja kwa popo, alinitazama juu mpaka chini, akawasha pikipiki.

Mwongoza wageni ni kijana mpole anayejua kila jiwe. Ameanza na simulizi zake zote: mbwa aliyeingia pangoni akatokea Kilimanjaro, Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi waliojificha humu miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya mkoloni, mahali pa mzimu panapoachwa sadaka. Kanionyesha mawe yaliyojichonga yakafanana na meli, na mamba, na sijui nini tena. Nikamsikiliza kwa adabu. Kilichonigusa ni jambo alilolitaja kwa kupita tu: mawe haya yalikuwa matope ya chokaa chini ya bahari, miaka kama milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua, yenye ukali kidogo, yakayala polepole. Jiwe la chokaa linaliwa na maji. Granaiti haiko hivyo. Ndiyo maana ramani ya popo wa mapangoni mara nyingi ni ramani ya miamba iliyovaa nguo nyingine.

Tukaingia ndani zaidi. Hewa inabadilika hatua kwa hatua: kwanza baridi, kisha joto zito, kisha ile harufu ya mavi ya popo inayochoma macho. Nimevaa barakoa, maana vumbi la mavi makavu lina vimelea vya kuvu vinavyoweza kuumiza mapafu, na watu huenda wakapuuza hilo kwa kuwa hakuna kinachouma papo hapo. Ukumbi wa kwanza una popo wa matunda, wamebanana na kugombana kama abiria wa daladala ya mwisho, macho yao yanarudisha mwanga wa tochi. Hao si wangu.

Wangu niliwakuta kwenye kichochoro cha pembeni, dari ikiwa chini kiasi kwamba ilibidi niiname. Ukishamwona popo wa kwato mara moja humsahau. Hajibandiki ukutani kwa tumbo kama wengine, wala hatambai maweni kutafuta mahali. Ananing'inia kwenye dari tupu kwa vidole vya miguu peke yake, ameachana na mwenzake, mabawa ameyazungusha mwili mzima kama mama aliyejifunga kanga asubuhi ya kipupwe. Niliwahesabu watano.

"Kaka, zima hiyo kubwa," kijana akaninong'oneza. "Ukiwaamsha watazunguka humu mpaka wachoke."

Ana haki. Nikabaki na taa nyekundu hafifu. Mvua zikikaribia, popo wengi wanaokula wadudu huwa na mimba au wanalea, maana kuzaa kunapangwa kwa msimu wa chakula. Jike wa kwato ana jozi ya chuchu za uongo karibu na nyonga, hazitoi maziwa. Kazi yake ni mtoto kuziuma na kujishikilia, kichwa chake kikiwa mkiani kwa mama. Mama akiruka kwa kushtuka, huo mdomo mdogo ndio mkanda pekee wa usalama. Tulirudi nyuma baada ya dakika tatu hivi.

Nikaketi nje kivulini kuchora pua niliyoiona. Chini ni kwato yenyewe, imezunguka matundu. Katikati kuna kipande kinachojitokeza mbele kama kiti kidogo. Juu kuna jani lililochongoka kama mkuki. Popo hawa hujua kilicho mbele yao gizani kwa kupiga kelele na kusikiliza mwangwi; huyu hupiga zake kupitia puani, mdomo umefungwa, na ngozi hizo zinaikusanya sauti iende mbele kwa mwelekeo mmoja, kama mtu anayeita akiwa ameweka viganja mdomoni. Sauti yenyewe ni ndefu na imenyooka, haipandi wala haishuki, na iko juu sana: masikio yetu yanaishia kilohezi 20 (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), popo wadogo wa kwato wanapita hata 100.

Jioni tukasimama mdomoni mwa pango. Saa kumi na mbili na nusu wakaanza kumiminika. Mwanzoni spika iligonga tu kama jana. Nikazungusha kitufe taratibu kupandisha kilohezi, mara ikageuka kabisa: badala ya kugonga kwa taipureta ukatoka mluzi, wiyuwiyuwiyu, kama redio ya zamani inayotafuta stesheni. Nikamshika kijana bega bila kujijua. Ndiye, popo wa kwato, amepita pengine mita tatu kutoka usoni kwangu, chini chini, akikumbatia ukuta wa mawe na kuzama vichakani. Hakupaa hewani kama wenzake.

Wa aina gani? Mluzi peke yake hausemi. Pwani hii wapo kadhaa wanaofanana, na kumtenganisha mmoja na mwingine kunataka umshike mkononi, upime mkono wake, uyatazame meno na kile kiti cha puani kwa ubavu. Kushika popo kwa utafiti ni mpaka uwe na kibali kupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Mimi ni msikilizaji tu.

Siku ya tatu: korongoni

Leo nimeacha mapango nikashuka kwenye korongo la Mkulumuzi, maana jambo moja limenisumbua usiku. Mgeni akisikia "popo wa Amboni" anajenga kichwani picha ya ukumbi mkubwa wenye giza. Lakini makao ya popo huyu katika maandishi ni korongo na msitu wake. Pango ni chumba cha kulala. Shamba liko nje.

Ukishashuka bondeni unaelewa. Juu kuna mibuyu, mikwaju na jua linalopasua kichwa. Chini, hatua hamsini tu, miti imekumbatia mawe kwa mizizi, majani yamefunika maji, ubaridi umekaa mpaka saa saba mchana. Ngedere wanalalamika mahali fulani. Nondo wamelala kwenye kila gome.

Nondo ndio siri ya ule mluzi. Popo wa kawaida akiwinda katikati ya majani anachanganyikiwa, mwangwi wa jani na mwangwi wa mdudu vinafika pamoja. Wa kwato, kwa kuwa sauti yake imenyooka kama uzi, anasikia uzi huo ukitikisika pale bawa la nondo linapopiga. Jani halitikisiki hivyo. Tena anajirekebisha: umewahi kusikia honi ya basi linalokujia ilivyo kali, kisha likishapita inavyolegea? Popo akiruka kuelekea mwangwi wake hali huwa ile ile, sauti inarudi kali kuliko alivyoitoa. Basi anaishusha kidogo anapoitoa, ili inaporudi ifike sikioni pale pale panaposikia vizuri kuliko pote. Anafanya hivyo akiwa anakwepa matawi.

Gharama yake ni kwamba sauti za juu namna hiyo hazifiki mbali, hewa inazimeza. Mabawa yake nayo ni mapana na mafupi, ya kugeuka mahali finyu, siyo ya safari. Kwa hiyo anahitaji vitu viwili vikaribiane, tundu la kulala na vichaka vya kuwindia, pamoja na njia yenye kivuli inayoviunganisha. Kata hiyo njia, na pango linabaki zima lakini halina faida kwake.

Na Tanga, jiwe la chokaa ni pesa. Linachimbwa kwa saruji, linachomwa kuwa chokaa. Mchana nilisikia mlipuko wa machimbo kwa mbali na kijana wangu hakugeuza hata shingo. Nilimuuliza kama popo wamepungua tangu alipoanza kazi. Akafikiri. "Watalii wameongezeka," akasema, na tukaliacha hapo.

Usiku sikupata kitu. Betri nilizonunua kwenye duka moja mjini, zenye karatasi inayong'aa kuliko dhahabu, zilikufa ndani ya saa moja. Nikabaki gizani na tochi ya simu, nikiwatazama popo wanapita bila sauti.

Siku ya nne: barabarani

Tanga, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo. Nafasi nyeupe ya ramani yangu ina rangi ya kijani kibichi iliyofifia: mkonge. Safu baada ya safu mpaka macho yanauma. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na watoto wake ndio wakaifunika nchi hii. Nikiwa dirishani nilijaribu kuwaza kama popo wa kwato. Pa kujificha hapana, matawi hapana, kivuli hapana. Kilomita baada ya kilomita ya uwanja wazi.

Upande wa kulia, baada ya Muheza, Usambara Mashariki imejitokeza, bluu, imevaa wingu. Huko Amani ndiko mto Zigi unakoanzia kabla ya kuteremka mpaka karibu na mapango niliyoyaacha jana. Mto wenye miti kandokando ni njia ya kivuli pia. Nilitamani nishuke. Nauli ilikuwa imeshalipwa hadi Mombo, na konda hakuwa mtu wa kurudisha.

Mombo nikapanda gari dogo la Soni, kisha jingine la Bumbuli. Kona, mawe, mbuzi, kona. Dada aliyekaa jirani yangu akanipa sweta la mtoto wake nijifunike magoti.

Siku ya tano: Bumbuli

Mvua, toka asubuhi mpaka usiku. Vuli imeamua. Popo hawaruki kwenye mvua nzito, matone yanawavurugia mwangwi na manyoya yaliyolowa yanawapoza. Nimekunywa chai na kusoma.

Nimesoma jambo ambalo kila nikilirudia linanishangaza. Wataalamu walimweka popo Maendeleo kundi moja na Rhinolophus adami, aliyeelezwa mwaka 1968 kutoka Kongo-Brazzaville. Upande wa pili wa bara! Karibu kilomita 3,000 kutoka Tanga. Ila milima hii ndivyo ilivyo. Zamani sana msitu uliunganika kutoka Kongo mpaka Bahari ya Hindi, halafu katikati pakakauka, na misitu ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, ikabaki kama visiwa kwa sababu upepo wa bahari uliendelea kuinyeshea. Kuna ndege, vyura na miti ya huku ambayo ndugu zao wako magharibi, katikati hakuna kitu. Nukta zangu mbili huenda ni mabaki ya jambo kubwa sana.

Siku ya sita: Mazumbai

Msitu huu uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ni mdogo, hekta zaidi ya 300 tu, lakini ni wa asili kweli kweli: mwenye shamba wa zamani, mzungu, aliuacha bila kuukata, kisha ukaachiwa chuo. Unaanza mita kama 1,300 juu ya bahari na kupanda hadi karibu 1,900. Nimepangiwa kutembea na mzee mmoja anayewajua wanafunzi wote waliowahi kupotea humu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na viatu hivyo?"

Viatu vilinipa aibu siku nzima. Utelezi, miteremko, mizizi. Mzee ananyoosha panga tu bila kusimama: huu mkulo, huu msambu, ule umeoza katikati. Kila alipoutaja ulioozea ndani nilisimama, kwa sababu hapa hakuna pango la chokaa. Mwamba wa Usambara ni wa kale, mgumu, haukuyeyushwa na maji ukatoa kumbi kama za Amboni. Popo wa kwato akiishi huku basi chumba chake ni mti wenye uwazi, au ufa kati ya mawe makubwa, au shimo chini ya mizizi. Tofauti na Amboni imekamilika: joto lingine, miti mingine, malazi mengine. Linalofanana ni moja tu, kivuli kilichofungana juu ya maji yanayotembea. Nadhani hilo ndilo la kufuata kwenye ramani, kuliko neno "pango".

Mzee akanionyesha mti uliopasuka shinani, mlango mwembamba kama wa kabati. Ndani kulikuwa na mabawa ya nondo yametapakaa chini, bila miili. Mtu fulani amekula hapo. Sikuingiza kichwa.

Tulikaa hatua kumi kutoka kwenye ule mti tangu saa kumi na mbili jioni. Ukungu ukashuka. Saa moja kasoro dakika kumi spika ikaimba mara moja, sekunde mbili hivi, ikanyamaza. Mzee akageuka haraka. "Ndiye huyo?"

Nikamwambia ni mmoja wa ukoo wake.

"Sasa mbona hamumkamati mkamjua?"

Nikamweleza habari ya vibali, halafu habari ya nyavu. Popo huyu anausikia hata uzi wa wavu gizani na kuukwepa. Watafiti hulazimika kutumia mtego wenye nyuzi zilizosimama wima kama kinubi, na mtego huo ni mzito kuupandisha mlima. Panapofikika kwa gari pana nukta. Pasipofikika pana weupe. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Basi hiyo ramani ni ya magari," akasema.

Siku ya saba: kuteremka

Gari la kwenda Tanga lilijaa, kwa hiyo nimelala Korogwe, kwenye nyumba ya wageni pembezoni mwa mji. Hapa ndipo bonde la Lwengera linapoishia, lile linalozitenga Usambara mbili. Bado niko ndani ya weupe wangu. Sikuwa na mpango wa kusikiliza. Ila betri nilizoazimwa na mzee zilikuwa bado na uhai, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kijito chenye migomba na mikuyu miwili mitatu, kinapita chini ya barabara ndani ya kalavati.

Nilichuchumaa pale saa moja na robo. Malori yalikuwa yanapita juu, zege likitetemeka. Vijana wawili wakasimama kuniangalia, wakaamua mimi si mwizi, wakaondoka. Kwanza tak-tak-tak. Nikapandisha kitufe. Hamna. Nikapandisha tena.

Wiyuwiyuwiyuwiyu, kutoka ndani ya bomba, karibu kiasi kwamba nilirudisha mkono. Kikapita kivuli kimoja, chini juu ya maji, kikaingia kwenye migomba. Kisha cha pili.

Nikaandika saa, mahali na kilohezi. Kwenye mstari wa jina nimeandika Rhinolophus, nikaacha nafasi.